Masega ya Gari: Ukiyatoa, Injini Hupata Nini?

Magari mengi ya petroli yapitayo barabara za Palma na Mocímboa da Praia yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Katika bomba la moshi mna kifaa ambacho mafundi wa ng'ambo ya Ruvuma hukiita masega, kwa kuwa kina vitundu vingi mfano wa sega la asali. Vitundu hivyo vimepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Thamani hiyo humvuta mwizi, na humvuta pia fundi asiye mwaminifu amwambiaye mteja: "Tuyatoe, gari lipate nguvu."

Je, nguvu hupatikana? Masega yakiwa mazima, moshi hupita bila taabu. Kuyaondoa huongeza nguvu kidogo mno, hata dereva asiitambue. Yakiwa yameziba, gari huwa zito, na yakitolewa huchangamka. Lakini kuziba ni dalili tu. Ugonjwa u mahali pengine: plagi mbovu iachayo petroli bila kuungua, au injini ilayo oili. Asiyetibu chanzo atarudi gereji.

Kompyuta ya gari huupima moshi kwa vitambuzi vya oksijeni, kimoja kabla ya masega na kingine baada yake. Masega yakikosekana, taa ya injini huweza kuwaka daima. Itakapotokea hitilafu nyingine, dereva huenda asiitambue. Na kitambuzi cha mbele kikiharibiwa bomba likikatwa, injini huweza kupewa petroli kupita kiasi.

Kubwa zaidi ni uhai. Masega hugeuza sehemu kubwa ya monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu, kuwa dioksidi ya kaboni. Yakiondolewa, sumu hiyo hutoka kwa wingi. Bomba likiungwa vibaya, huweza kupenya sakafuni. Abiria huumwa kichwa, husinzia, na huweza kufa. Hata gari lenye masega, asilale mtu ndani yake injini ikiwaka.

Basi, fundi akishauri kuyatoa, mwulize kwanza yameziba kwa sababu gani. Akiyabadilisha, dai ya zamani. Kuyachukua bila idhini ya mwenyewe ni wizi. Na ukiwasha gari asubuhi likanguruma kuliko jana, tazama chini yake, kisha utoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu, bila kumshambulia unayemshuku.