Chakula cha sungura: tumbo lake si kama letu

Mama, siku moja ya kupima watoto mama mwenzako alikuja na huzuni. Alisema: "Sungura yangu ilikula muzuri mangaribi, asubuhi niliikuta imekufa, tumbo imevimba sawa mupira." Sungura yule aliwekwa kwa ajili ya mtoto wake wa mwisho, ambaye kilo zake zilikuwa zimeshuka. Tukamuuliza: "Uliipa nini?" Akajibu: "Bugali iliyobaki, na majani watoto walikata wakati mvua ilikuwa inanyesha."

Hakuwa mama mvivu. Alimlisha sungura wake vizuri, lakini alimlisha kama mtu.

Hapa Mubi, na kote kando ya barabara ya kutoka Walikale kwenda Kisangani, nyama ni ya bei kali. Tangu watu waanze kuchimba kasiterite kule Bisie, karibu mwaka 2002, wengi waliacha mashamba, na chakula kingi kinaletwa kutoka mbali. Mtoto anayekula bugali tupu kila siku anaweza kupata bwaki: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, hataki kucheza. Sungura wawili watatu nyuma ya nyumba wanaweza kumsaidia. Lakini sungura aliyekufa usiku hamsaidii mtu.

Sasa sikiliza namna tumbo la sungura linavyofanya kazi. Sungura hawezi kutapika. Kitu kikiingia vibaya, hakina njia ya kurudi. Ndani yake kuna mfuko mkubwa, ambamo vijidudu vizuri vinachachusha majani kama vile muhogo unavyochacha majini. Vijidudu hivyo vinapenda majani magumu yenye nyuzi. Ukimpa bugali, mahindi mengi au ndizi mbivu, vijidudu vibaya vinazaliana, hewa inajaa, tumbo linavimba na kuhara kunaanza. Tena meno yake hayaachi kukua maisha yote. Asipotafuna kitu kigumu, meno yanakuwa marefu hata anashindwa kula.

Kwa hiyo ni kinyume cha mtoto wako. Mtoto wa miezi sita anataka uji laini, wenye mafuta kidogo na maharagi au samaki aliyepondwa. Majani magumu hayamfai. Sungura anataka magumu, na ulaini ndio unaomuua. Usiwalishe kutoka sufuria moja.

Mama wengine wanasema: "Sungura yangu inakula mavi yake, iko mugonjwa." Hapana! Sungura anatoa mavi ya namna mbili. Yale ya mchana ni magumu na ya mviringo. Mengine, mara nyingi ya usiku au alfajiri, ni laini na yameshikamana kama kishada kidogo cha ngazi. Haya anayachukua kwa mdomo palepale yanapotoka, na kuyameza. Ndani yake kuna vitamini na chakula ambacho tumbo halikukichukua mara ya kwanza. Usimpige, usimzuie. Lakini ukiyakuta mengi yamelala chini hayakuliwa, ujue chakula ni kitamu mno, au sungura ni mgonjwa.

Basi mpe nini? Chakula kikubwa kiwe nyasi: matete machanga na nyasi za kando ya shamba, mbali na mahali watu na mbwa wanapojisaidia. Matembele ni mazuri sana. Majani ya mgomba anayapenda pia, na lengalenga kidogo kidogo. Ganda la kiazi kitamu au kipande cha muhogo mtamu kilichokauka kinaweza kuwa kama pipi, kidogo tu, si kila siku.

Jambo ambalo hapa kwetu linaua sungura wengi ni majani yenye maji. Mvua yetu haina mwisho, na watoto wanakata majani wakitoka shule, wanayatupa ndani yakiwa yamelowa na yamerundikana hata yanapata moto. Mfundishe mtoto akate leo, atandaze chini ya paa, ampe sungura kesho yakiwa yamenyauka. Hiyo ndiyo kazi yote. Mimi mwenyewe nilipoteza wanne kabla ya kukubali.

Majani mengine ni sumu. Usimpe majani ya avoka, wala ya tomati, wala ya kiazi cha kizungu. Na sombe? Sisi tunaitwanga na kuichemsha sana, ndiyo maana haituui. Sungura anaila mbichi, na ile ya muhogo mchungu inaweza kumuua. Afadhali uiache kwa sufuria yako.

Usiweke chakula chini juu ya mavi na mkojo, maana mayai ya vijidudu vya kuharisha yanakaa humo. Funga majani kwa kamba ukutani, na sakafu iwe ya fito, iliyoinuliwa ili mavi yaanguke chini. Sungura anakula sana usiku, basi jaza majani jioni. Maji safi yawepo daima, zaidi kwa jike anayenyonyesha.

Wakati wa hatari ni kuachisha. Wana wanaanza kuonja majani wakiwa na majuma matatu hivi, lakini waache kwa mama yao mpaka majuma sita. Wakati huo usibadilishe chakula kwa ghafula. Ukileta majani mapya, changanya kidogo na yale ya zamani, uongeze siku kwa siku kwa juma moja.

Ukiona sungura amejikunja, hataki kula, anasaga meno, mavi yamekuwa madogo au yamekoma, usingoje. Mtenge na wengine. Ondoa vyote vyenye maji na vya jikoni, acha nyasi kavu na maji safi. Na ninakuomba sana: usimpe vidonge vya soko, ampisiline au amoxi. Dawa hizo zikipita kinywani zinaua vile vijidudu vizuri, na sungura anakufa kwa dawa. Aliyekufa mwenyewe kwa ugonjwa asiliwe. Mzike mbali na kibanda, unawe mikono kwa sabuni.

Aliye mzima, akifikia miezi minne au mitano, mchinje. Pika mpaka nyama iachane na mifupa, uitoe mifupa yote kwa vidole maana ni midogo na mikali. Kisha twanga nyama, uichanganye na uji au sombe ya mtoto. Fungu la mtoto liwekwe kando kwanza, kabla sahani haijaenda kwa wakubwa.