Roki Bila Gitaa: Mafunzo Niliyopata Kwenye Kinanda

Bendi yetu ina watu wanne: mwimbaji, mpiga besi, mpiga dramu, na mimi kwenye piano. Gitaa la solo hatuna, wala hatutafuti wa kulipiga. Tunapiga roki jijini Nairobi, kwenye kumbi ndogo, bila kampuni ya muziki ya kutulipia studio wala mabango. Vijana wanaotaka kuunda kikundi cha namna hii huniuliza waanzie wapi. Ninayoyajua nimeyapata mazoezini, nimeyapata kwa kubishana na wenzangu, na kwa kuzisikiliza kwa makini bendi mbili zilizopita njia hii kabla yetu: Keane ya Uingereza na Ben Folds Five ya Marekani. Kati ya yote, moja nalirudia kila mara: piano inaweza kufanya karibu kila kazi katika wimbo, kwa hiyo mpigaji lazima achague kazi zipi aziache.

1. Piano ilikuwapo roki ilipozaliwa

“Dada, mpiga gitaa wenu anafika saa ngapi?” Swali hilo tunaulizwa karibu kila ukumbi tunapofunga vyombo. Anayeuliza hana nia mbaya, ndivyo alivyozoea. Lakini anayebeba kinanda na aijue historia yake. Fats Domino alirekodi “The Fat Man” mjini New Orleans mwezi Desemba 1949, akiwa kwenye piano. Little Richard alirekodi “Tutti Frutti” katika mji huohuo mwaka 1955. Miaka miwili baadaye Jerry Lee Lewis akatoa “Great Balls of Fire”. Wote watatu walikuwa wapiga piano, na bila wao hakuna roki ya kuzungumzia.

Gitaa lilichukua nafasi ya mbele kwa sababu za ufundi zaidi ya sababu za ladha. Gitaa la umeme lilibebeka begani, likachomekwa kwenye kikuza sauti, na kumbi zilivyopanuka nalo likapanda nazo. Piano ilibaki pale mwenye ukumbi alipoiweka, mara nyingi nyuzi zake zimelegea, na kipaza sauti kilichoelekezwa ndani yake kilinasa dramu za jirani. Shida hizo leo nyingi zimekwisha. Kinanda cha dijitali kinachomekwa kama gitaa linavyochomekwa. Nilipolielewa hilo niliacha kujieleza mlangoni. Nawajibu tu kwamba tumeshatimia.

2. Aliyeondoka si lazima azibwe

Keane walitoka mji mdogo wa Battle, katika jimbo la East Sussex. Walikuwa na mpiga gitaa, Dominic Scott, aliyeondoka mwaka 2001. Waliobaki, Tim Rice-Oxley, Tom Chaplin na Richard Hughes, hawakumweka mwingine mahali pake. Piano ya Rice-Oxley ikasogea katikati ya kila kitu. Mwaka 2003 lebo ndogo ya London iitwayo Fierce Panda ilitoa wimbo wao “Everybody’s Changing”, na Mei 2004 albamu yao “Hopes and Fears” ilifika namba moja Uingereza. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Brit ya albamu bora ya Uingereza.

Nimeisikiliza albamu hiyo kama mwanafunzi anavyosoma kitabu cha mtihani. Kinachonishangaza ni uchache wa noti. Rice-Oxley mara nyingi anagonga kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja), anairudia kwa mapigo yaliyo sawa, kisha anahamia nyingine. Mpigaji wa uwezo wake angeweza kupamba kila pengo. Hapambi, na sauti ya Chaplin inapata uwanja wote wa katikati, ule ambao gitaa lenye mkwaruzo huujaza bila kuomba ruhusa.

Kwa hiyo sisi wimbo mpya ukionekana mwembamba, hatuanzi kwa kuongeza. Mwimbaji anauimba na kodi nne tu, polepole, bila dramu. Ukisimama hapo, wembamba ule ulikuwa nafasi, na nafasi tunaiacha ilivyo. Usiposimama, hakuna chombo kitakachouokoa.

3. Mkono wa kushoto una mwenyewe

Hili ndilo linalowasumbua zaidi wapigaji wa kinanda waliolelewa kanisani, nami nimelelewa humo, Mombasa. Kanisani mpigaji mara nyingi ndiye bendi nzima. Mkono wa kushoto unatembeza besi, wa kulia unashika sauti za juu, na kwaya inaegemea hapo. Ukiuleta mkono huohuo wa kushoto kwenye roki, sauti za chini zinarundikana. Kitufe cha mwisho cha piano upande wa chini hutetema mara 27.5 kwa sekunde. Waya mnene wa gitaa la besi huanzia kama 41. Ngoma kubwa ya dramu nayo imo katika eneo hilohilo. Kila mmoja anaweza kuwa anapiga vizuri kabisa, na jumla yake ikawa ngurumo isiyo na umbo.

Sheria yetu ni kwamba mkono wangu wa kushoto haushuki zaidi ya oktava moja chini ya C ya katikati, ila pale mpiga besi anaponyamaza. Alipoona nimempa eneo lake lote, naye akaanza kulitumia. Akanunua pedali ya mkwaruzo, na katika viitikio besi yake sasa inafanya kazi ambayo watu hudhani ni ya gitaa.

Ujanja huo una wenyewe. Ben Folds Five waliundwa Chapel Hill, North Carolina, mwaka 1993. Licha ya jina lao walikuwa watatu: Ben Folds kwenye piano, Robert Sledge kwenye besi, Darren Jessee kwenye dramu. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1995. Sikiliza besi ya Sledge inavyonguruma kwa mkwaruzo chini ya piano safi. Piano haijipigii kelele ili ionekane ni ya roki. Ukali unatoka kwa jirani yake, nayo inabaki na kengele zake.

4. Chagua chombo kwa kuangalia barabara

Piano ya kweli ina vitufe 88 na nyuzi takriban 230, zimekazwa kwenye fremu ya chuma, na jumla ya mvuto wa nyuzi hizo hukaribia tani 20. Ben Folds Five walipoanza walikuwa wakisukuma piano ya kweli hadi ndani ya vilabu. Nawastahi sana kwa hilo, ila sisi ngazi za kumbi zetu haziruhusu.

Keane walipata njia ya kati, Yamaha CP-70, chombo cha miaka ya 1970. Kina vitufe 73, nyundo za kweli na nyuzi za kweli, lakini ubao wa kukuza sauti hakina. Mtetemo wa nyuzi unanaswa na vinasa sauti na kupelekwa kwenye spika. Kinafunguka vipande viwili ili kibebeke. Kwa kuwa nyuzi zake ni fupi, sauti yake ina chuma kidogo ndani, na chuma hicho ndicho kinachoipenyeza katikati ya dramu. Katika kinanda changu cha dijitali natafuta sauti ya aina hiyo, kali na kavu kidogo. Ile piano tamu ya ukumbi wa tamasha, inayopendeza ukiwa peke yako nyumbani, inazama mara dramu zinapoingia.

Na mtu wa pwani akumbuke unyevu. Ubao wa piano huvimba na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika, na nyuzi hufuata. Piano nilizozijua Mombasa zilihitaji fundi mara nyingi kuliko ninazozikuta Nairobi. Kinanda changu kinalala kwenye gari aina ya Probox lililokunjwa viti vya nyuma, nacho hakibadiliki tukishuka baharini kwa onyesho.

5. Kiswahili kinakaa vizuri juu ya piano kuliko nilivyotarajia

Hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote.

Nyimbo nyingi za roki ya Kiingereza humalizia mstari kwa neno la silabi moja, likaangukia pigo zito na kuvutwa hapo. Kiswahili mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji akichukua melodia ya namna ile na kuweka “nyumbani” mwishoni, uzito unaangukia “ni”, na sikio la Mswahili linajikunja. Waliokulia kwenye tenzi za kanisani zilizofasiriwa wanalijua jambo hili. Kuna beti ambazo tumeziimba tangu utotoni huku mkazo umekaa pasipo pake.

Tukaanza kutunga kwa kufuata mkazo. Pigo zito linakutana na silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho inadondoka baada yake, nyepesi. Ndipo nilipogundua kwamba sauti ya piano ina umbo hilohilo. Nyundo inapogonga, sauti inakuwa na nguvu yake yote, kisha inafifia yenyewe. Gitaa lenye mkwaruzo hushikilia noti kwa uzito uleule hadi mpigaji aikate. Piano inagonga pamoja na “mba” ya “nyumbani”, na “ni” inateremka ndani ya mwangwi unaopungua. Hatukulazimisha kitu.

Mashairi yetu ya kale yalinisaidia zaidi ya hapo. Mshororo wa shairi la mizani 16 hugawanyika vipande viwili vya mizani nane nane. Katika mzunguko wa mapigo manne, ukigawa kila pigo mara mbili, unapata nafasi nane kamili. Mwimbaji akianza kwenye pigo la kwanza, mizani ya saba, yenye mkazo wa mwisho wa kipande, inaangukia pigo la nne. Si mbaya, lakini wimbo unajikwaa mlangoni. Tukamwomba aliache pigo la kwanza kwa piano peke yake, aingie kwenye la pili. Sasa mizani ya saba inafika pamoja na pigo la kwanza la mzunguko unaofuata, kodi mpya inagongwa chini yake, na kipande cha pili kinaanza kwa mtindo uleule. Ulikuwa usiku wa manane, jirani alishalalamika, na hatukuweza kuacha.

Jambo moja la kuangalia ni kwamba viambishi vya mwisho huhamisha mkazo. “Penda” unalikaza mwanzoni, “pendana” unalikaza katikati. Kitenzi kilichokaa vizuri katika ubeti hakitakaa kwenye kiitikio kikiongezewa kiambishi, hata kama maana ni jirani. Mtunzi aimbe, asiandike tu.

6. Chomeka upande mmoja

Fupi, ila limeokoa maonyesho mengi. Sauti za piano katika vinanda vya dijitali hutengenezwa kwa njia mbili, kushoto na kulia, na kwenye visikilizio vya masikioni zinapendeza mno. Kumbi nyingi ndogo spika zake zimeunganishwa njia moja. Njia mbili zikichanganywa kuwa moja, baadhi ya mitetemo hufutana, na piano inasikika kama imo ndani ya pipa. Tumia tundu lililoandikwa L/Mono peke yake, na uzoeshe masikio yako kwa sauti hiyo tangu mazoezini. Mtafute fundi mitambo mapema, mwite kwa jina lake, mweleze kwamba piano ndiyo gitaa lenu. Akishaelewa hivyo, hataishusha chini kama vinanda vya kupamba.

7. Andikeni

Nani alitunga nini, mapato yagawanywe vipi, jina la bendi ni la nani mmoja akiondoka: yote yawe kwenye karatasi iliyotiwa saini, wakati bado mnapendana na hakuna pesa. Kenya mtu anaweza kusajili kazi yake kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Wimbo uliozaliwa mazoezini kati ya watu wanne una baba wengi kumbukumbu zikianza kuchakaa.

8. Geuza kinanda hadi uyaone macho yao

Queen walipopanda jukwaa la Live Aid, Wembley, tarehe 13 Julai 1985, Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, alianzia kwenye piano na kipande cha “Bohemian Rhapsody”. Kisha akainuka, akashika kipaza sauti, na uwanja wote ukawa wake. Yeye aliweza kuinuka kwa kuwa ndiye mwimbaji. Mpiga piano asiye mwimbaji anabaki hapo hadi mwisho, kwa hiyo namna alivyokaa ni sehemu ya muziki. Mimi nimekigeuza kinanda kimtazame mpiga dramu, na mwimbaji anasimama mahali ambapo naona bega lake likipanda anapovuta pumzi. Kodi ya kwanza ya kiitikio naipiga kwa kufuata bega hilo. Tukitenganishwa na jukwaa pana, nasi tunachelewa kidogo, na wasikilizaji wanaona kitu kimelegea hata kama hawajui ni nini.

Sasa tunajiandaa kurekodi nyimbo zetu za kwanza. Tumekubaliana kwamba humo tutatumia piano ya kweli, ya wima, iliyo kwenye ukumbi wa kanisa moja ulioezekwa kwa mbao. Fundi wa kuikaza nyuzi atakuja asubuhi kabla yetu. Tumemwomba abaki hadi jioni, kwa sababu ninavyopiga kwenye viitikio nyuzi za juu huanza kulegea mapema, na mwimbaji wetu ana sikio lisilosamehe.