Mchoraji Anayefundisha

Swali: Mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari, ambaye pia ni mchoraji, anauliza iwapo inawezekana kufundisha kwa moyo wote bila kukiua kipaji chake.

Jibu: Inawezekana, na historia ya sanaa ya Afrika Mashariki inathibitisha hilo. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyefundisha katika Chuo cha Makerere, ndiye aliyechora mwaka 1956 picha ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ambayo baadaye ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York.

Ugumu hautokani na uchache wa saa pekee, bali pia na ukweli kwamba mwalimu aliyeshinda akisahihisha mizania, yaani ulinganifu wa sehemu za picha, katika kazi za wanafunzi hufika jioni akiwa amechoka kuhukumu kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo yafaa atenge saa za alfajiri au siku moja ya juma, na achague vifaa vinavyoendana na ratiba yake: rangi ya mafuta, ambayo tabaka lake huchukua siku kadhaa kukauka, humfaa mwenye muda wa vipande vipande, ilhali rangi ya maji, inayokauka kwa dakika chache, hufaa mchoro unaokamilika kwa mkao mmoja.

Mwalimu asiweke brashi chini kwa kisingizio cha kazi, kwa sababu mwanafunzi anayemwona mwalimu wake akifuta, akirekebisha na kuanza upya hujifunza uvumilivu ambao hakuna somo la ubaoni linaloweza kuufundisha.