Mizinga Miwili ya Ngomeni

Msomaji, ukifika Ngome ya Yesu, kando ya Mji wa Kale wa Mombasa, utaiona mizinga miwili ya manowari zilizokuwa adui: mmoja wa Pegasus ya Waingereza, wa pili wa Königsberg ya Wajerumani.

Pegasus ilishushwa majini mwaka 1897, nayo ilikuwa na mizinga minane. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, wala haikuweza kuondoka. Königsberg ikatokea Rufiji, ikaipiga kutoka mbali. Risasi za Wajerumani zilifika. Za Waingereza zilianguka baharini. Mabaharia zaidi ya 30 wakafa, na siku ile ile manowari ikazama.

Königsberg nayo iliangamia Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ikaopolewa, ikatiwa magurudumu, ikapigana vita vya nchi kavu.

Mabaharia wa Pegasus hawakukosa ushujaa. Walikosa mizinga ya kufika mbali na chombo kilicho tayari. Leo mizinga ya maadui imetulia pamoja, na watoto huichezea.