Dondoo muhimu: Kutazama meli Magogoni

Umeshuka kutoka Bendera, Same, hadi Dar es Salaam? Meli kubwa utaziona vizuri kwenye lango jembamba la bandari, kati ya Magogoni na Kigamboni.

1. Toka Kimara kwa mwendokasi wa Kivukoni. Shuka kituo cha mwisho.
2. Vuka kwa pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni ukiwa mtembea kwa miguu. Epuka asubuhi na jioni ya siku za kazi, maana ni msukumano mtupu.
3. Mandhari ya jiji yatazame asubuhi ukiwa Kigamboni, jua likiwa mgongoni. Jioni litakuchoma machoni.
4. Ukiona tishari (boti za kuvuta meli) zinatoka, subiri: huenda meli inaingia.
5. Usielekeze kamera Ikulu, ambayo iko jirani kabisa upande wa Magogoni, wala kwa askari au mageti ya bandari. Hili ndilo kosa la wageni wengi. Ukikatazwa, usibishane.
6. Simu ishike kwa mikono miwili. Mkoba uvae mbele.
7. Usiegemee minyororo ya pantoni.
8. Njaa ikiuma, soko la samaki la Feri liko karibu na kivuko, upande wa Magogoni. Uliza bei kabla samaki hajakaangwa.