Flashi Huchakaa kwa Kuandikwa: Maelezo kwa Wenye Simu, Kompyuta na Kamera

Januari 2021, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, iliitaka kampuni ya Tesla irudishe magari yake ya Model S na Model X yenye kasoro moja. Breki zilikuwa nzima, usukani mzima. Kilichoharibika ni chipu ya hifadhi ya GB 8 iliyoendesha skrini ya katikati, na ilipokufa, kamera ya nyuma ilizimika pamoja nayo. Kila siku gari lilikuwa likiandika na kufuta taarifa humo. Chipu ilitengenezwa kuhimili mizunguko 3,000 ya kufuta na kuandika kwa kila bloku, na mizunguko hiyo ilikwisha katika miaka mitano au sita. Mwezi uliofuata Tesla ilikubali kurudisha magari yapatayo 135,000.

Hifadhi ya aina hiyo, yaani flashi, ndiyo iliyo ndani ya simu yako, memori kadi, na diski ya SSD ya kompyuta ya ofisini.

Kinachochakaa ni nini

Flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980, hutunza data kwa kunasa chaji za umeme nyuma ya utando mwembamba sana. Kila kuandika na kila kufuta husukuma chaji kupitia utando huo, nao hudhoofika. Kusoma hakuuchoshi kwa kiasi cha kukutia wasiwasi. Chipu za zamani, zilizotunza biti moja katika kila seli, zilivumilia mizunguko kama 100,000. Zile za biti tatu, zilizojaa madukani leo, huvumilia kati ya 1,000 na 3,000 hivi. Za biti nne huishia kwenye 1,000 au chini yake. Tumepata nafasi kubwa kwa bei ndogo, na tumelipa kwa uimara.

Badiliko dogo, kazi kubwa

Flashi huandikwa ukurasa kwa ukurasa, lakini hufutwa bloku nzima kwa pamoja, na bloku moja ina mamia ya kurasa. Ni kama ubao wa darasani unaoweza kuuandika mstari mmoja mmoja, ila dasta yake inafuta ubao wote.

Kwa hiyo ukibadilisha rekodi moja ya baiti 100 katika daftari la mauzo, kidhibiti cha diski hakiigusi ile ya zamani. Huandika toleo jipya kwenye ukurasa mtupu, na ukurasa ukiwa wa KB 16, umetumia nafasi zaidi ya mara 160 ya ulichobadilisha. Ukurasa wa zamani hubaki taka. Baadaye kidhibiti huchagua bloku yenye taka, huhamisha kurasa zilizo hai kwenda kwingine, ndipo huifuta. Kuhamisha nako ni kuandika.

Hapa ndipo diski iliyojaa inapojimaliza yenyewe. Tuseme bloku inayosafishwa ina asilimia 90 ya kurasa zilizo hai. Ili kupata nafasi ya ukurasa mmoja mpya, diski itahamisha kurasa tisa. Wewe umeandika mara moja, chipu imeandika mara kumi.

Kwa mwenye simu na kompyuta

Acha nafasi. Asilimia 15 hadi 20 ya hifadhi ikiwa tupu, kidhibiti kinapumua. Zima upakuaji wa video unaojiendesha katika makundi ya WhatsApp. Nyingi huzitazami, na chipu imeshaziandika.

Kufuta faili pekee hakutoshi: chipu haijui kuwa data hiyo haihitajiki tena mpaka ipewe amri ya TRIM. Windows inayo tangu toleo la 7 la mwaka 2009, na Android huitoa tangu 4.3 ya mwaka 2013, simu inapokuwa imetulia. Usiizime. Usipange upya vipande vya faili kwenye SSD (defrag) kwa programu za zamani za diski za sahani. Kazi hiyo ni uchakavu mtupu.

Hata hivyo, usiishi kwa hofu. Samsung 870 EVO ya GB 500 ina dhamana ya kuandikwa TB 300 katika miaka mitano, sawa na GB 160 hivi kwa siku. Karani anayeandika barua hafiki huko.

Kamera

Kamera ya gari au ya dukani haifiki mbali na kadi ya kawaida, kwa kuwa hurekodi usiku na mchana juu ya picha za zamani. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, tena kubwa: video ya GB 32 kwa siku huipitia kadi ya GB 32 yote kila siku, lakini ile ya GB 128 mara moja kwa siku nne.

Kwa waandishi wa programu

Lawama kubwa ni yenu. Mwaka 2016 programu ya Spotify ya kompyuta ilikutwa ikiandika mamia ya gigabaiti diskini bila mtumiaji kujua, mpaka ikarekebishwa. Kusanyeni mabadiliko muyaandike kwa pamoja. Kuingiza rekodi 1,000 kwa muamala mmoja ni nafuu kuliko miamala 1,000. Msiandike upya faili zima kwa sababu ya mstari mmoja. Kumbukumbu za matukio ambazo hakuna anayezisoma, ziondoeni.

Kusubiri nako kuna gharama: umeme ukikatika, kilichokuwa bado kwenye RAM kimepotea. Malipo ya mteja yaandikwe papo hapo. Kipimo cha joto cha kila sekunde kinaweza kungoja dakika moja.

Ikianza kukataa

Faili zikiharibika bila sababu, au kadi ikisomeka lakini haikubali kuandikwa, usiifomati. Nakili vilivyomo siku hiyo hiyo, kisha nunua nyingine.