Viroboto na utitiri: tusafishe nyumba, si kuku peke yake



Katika vikundi vingi malalamiko ni yaleyale. Kuku amelalia mayai vizuri, lakini baada ya siku chache anatoka kwenye kiota na harudi tena. Mwingine upanga wake wa kichwani umekuwa mweupe na utagaji umepungua. Watoto wanajikuna usiku kucha. Basi mufugaji ananunua dawa ya unga sokoni, anampaka kuku, na wiki mbili baadaye wadudu wamerudi. Anasema dawa ni ya uongo.

Mara nyingi kosa si la dawa. Kuku ametibiwa, lakini nyumba yake imeachwa. Wengi wa wadudu hawa wanamtumia kuku kama sahani ya chakula tu. Kitanda chao kiko pengine, na huko ndiko tunapaswa kuwafuata.

Nani anaishi wapi?

*Utitiri mwekundu.* Ni mdogo sana, kama ncha ya sindano. Mchana anajificha katika nyufa za mbao, chini ya vijiti ambavyo kuku hulalia, na ndani ya majani ya kiota. Usiku anatoka, ananyonya damu, kisha anarudi kujificha. Ndiyo maana mukikamata kuku mchana munaona hana kitu. Wakati wa joto, yai la utitiri linakuwa mdudu mzima ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Tena anaweza kukaa miezi mingi bila kula. Kuacha banda tupu mwezi mmoja hakumalizi kitu.

*Kiroboto.* Aliye mzima anakaa juu ya mbwa, paka, panya, au hata kuku. Mayai yake yanaanguka chini. Viwavi wake wanakua ndani ya vumbi, chini ya mikeka na mahali mbwa analala. Baadaye kila kiwavi anajifungia ndani ya kifuko kidogo, na humo anaweza kungoja majuma au miezi mpaka asikie hatua za miguu au joto la mwili. Familia zilizokimbia vita zinajua jambo hili: unarudi nyumbani, unafungua mlango uliofungwa muda mrefu, na viroboto wanaruka miguuni mara moja. Walikuwa wanangoja ndani ya vumbi. Kuna pia kiroboto anayejibandika juu ya kuku, kandokando ya macho na kwenye upanga, kama punje nyeusi. Na funza anayeingia vidoleni ni wa jamii hiyohiyo. Naye anapenda vumbi la ndani ya nyumba.

*Chawa wa kuku.* Huyu ni tofauti: anaishi juu ya kuku maisha yake yote. Muangalie chini ya mabawa na karibu na mkundu. Mayai yake ni meupe, yameshikamana kwenye shina la nyoya. Kwa chawa, kumpaka kuku dawa ni lazima.

Namna ya kupima

Kwa utitiri: muingie bandani usiku na tochi. Mupitishe kitambaa cheupe chini ya kijiti cha kulalia. Kikitoka na alama nyekundu za damu, utitiri yupo.

Kwa viroboto: jioni, muweke sahani pana ya maji yenye sabuni chini, na taa ya sola ining'inie juu yake. Viroboto wanaifuata nuru, wanaruka, wanazama. Musitumie koroboi mahali penye majani makavu.

Lakini kuku wakifa wengi ndani ya siku mbili tatu, musitafute viroboto. Hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa Newcastle. Muite veterineri haraka.

Kazi ya siku moja, irudiwe mara tatu

Banda, nyumba na mahali pa mbwa vifanywe siku moja. Ukisafisha banda leo na kumuacha mbwa mpaka juma lijalo, atarudisha viroboto.

1. Asubuhi, mutoe kuku wote nje. Muondoe majani ya viota na takataka zote, muzichome mbali na nyumba.
2. Mutoe vijiti vya kulalia. Muvimwagie maji yanayochemka yenye sabuni, zaidi kwenye ncha zinazogusa ukuta. Mumwagie pia nyufa za mbao. Watoto wakae mbali.
3. Banda likikauka, muzibe nyufa kwa udongo wa mfinyanzi. Ufa uliozibwa ni nyumba moja ya utitiri iliyofungwa.
4. Mufagie nyumba mpaka kwenye pembe zote, na chini ya vitanda. Mikeka na blanketi ziwekwe kwenye jua kali. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagia, vumbi lisiruke.
5. Mumuoshe mbwa kwa sabuni, mumchane kwa kitana chenye meno ya karibu, na viroboto muwatie ndani ya maji ya sabuni. Gunia lake la kulalia lifuliwe kwa maji ya moto au lichomwe.
6. Kuku wenye viroboto waliojibandika, muwapake vazelini au mafuta ya mawese juu ya punje hizo. Wadudu wanakosa hewa. Mujihadhari na macho. Mafuta hayohayo yanasaidia kuku mwenye magamba yaliyoinuka miguuni.
7. Muweke boksi la kuogea chini ya paa: nusu majivu makavu yaliyopoa, nusu mchanga mkavu. Kuku atajigaragaza mwenyewe. Majivu yakilowa muyabadilishe, kwa sababu majivu yenye maji yanaunguza ngozi.

Murudie siku ya 8 na siku ya 15. Mayai na vifuko vilivyobaki vitatoa wadudu wapya. Mukiwapiga kabla hawajataga, ukoo wao unakatika. Wengi wanafanya mara ya kwanza tu, na kazi yote inapotea.

Piretre ya kwetu

Katika milima ya Masisi na Rutshuru, wakulima wamelima piretre miaka mingi. Maua yake yana sumu ya wadudu. Yaliyokaushwa kivulini na kusagwa, muyasugue chini ya mabawa ya kuku na kwenye nyufa. Mufanye jioni, maana jua linaipunguza nguvu haraka. Unga utunzwe gizani, ndani ya chombo kilichofungwa. Musiutupe mtoni wala karibu na bwawa la samaki: unaua samaki.

Dawa za kukataa

Dawa ya kunyunyizia nyanya au kabichi haiwekwi juu ya kuku, mbwa, wala kitanda. Kuku hujisafisha manyoya kwa mdomo, na sumu inaingia ndani. Mayai mutakula ninyi, na watoto wenu. Vichupa vidogo visivyo na karatasi ya maelezo, muvikatae kabisa. Muombe veterineri dawa ya mifugo, na mumuulize swali hili: ni siku ngapi tusile mayai na nyama?

Paka naye ana sheria yake. Dawa ya mbwa yenye permetrini inaweza kuua paka.

Panya: jambo lisilongoja

Chakula cha kuku kilichomwagika kinaita panya, na panya analeta viroboto. Katika Ituri, upande wa Aru na Mahagi, viroboto wa panya wanaambukiza watu tauni. Kwa hiyo muondoe viroboto kwanza, au pamoja na panya. Mukiua panya peke yao, viroboto wenye njaa wanahamia kwa watu.

Mukiona panya wengi wamekufa bila sababu, musiwashike kwa mikono. Mutoe habari kwenye kituo cha afya. Mutu mwenye homa kali na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena au kwapani apelekwe siku hiyohiyo. Tauni inapona kwa dawa za hospitali, ikiwa mgonjwa amefika mapema.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kuku wetu wanalala wapi: bandani, jikoni, au chumba kimoja na watoto?
2. Je, majirani wa mtaa mmoja wanaweza kuchagua siku moja ya kusafisha wote? Mbwa na panya hawajui mpaka wa kiwanja.
3. Nani katika kikundi atakumbusha siku ya 8 na siku ya 15?